Majibu ya mirija yameandikwa STIC: ufanye nini, hatua kwa hatua

Dada yangu mkubwa alitolewa kizazi kwa sababu ya faibroidi, alikuwa na miaka 44, mirija ikatolewa humohumo na ovari zikaachwa. Wiki tatu baadae akaenda kuchukua majibu ya nyama, dokta akasoma ukurasa wa kwanza, "mama hongera, uvimbe hauna saratani", akakabidhiwa karatasi akaenda zake. Usiku akanitumia picha WhatsApp, nafikiri alitaka tu nimwambie alhamdulillah tulale. Sasa mimi ni nesi wa thieta, kazi yangu ni vyombo na kupokea nyama ikitoka, siyo kusoma majibu, ila nimeshazoea kuangalia karatasi mpaka chini. Ukurasa wa pili, karibu na mwisho: mrija wa kulia, kwenye ncha, STIC. Mstari mmoja tu, na hakuna aliyegeuza karatasi akauona.

Kwahiyo haya ninayoandika hapa ni yale tuliyoyapitia na dada, pamoja na niliyoyasoma na kuyauliza kwa mabingwa tangu siku ile. Siyo badala ya daktari wako, ni ya kukusaidia ukifika kwa daktari ujue unaomba nini, maana hili jambo ni adimu na madaktari wengi wazuri kabisa hawajawahi kukutana nalo hata mara moja.

Kwanza elewa ni kitu gani, usianze kulia

Mrija wa uzazi una sentimita kama 10 mpaka 12, upande mmoja umeshikana na kizazi, upande wa pili uko wazi na una matamvua, kama ncha ya mtandio vile, na hayo matamvua ndo yanalipokea yai likitoka kwenye ovari. Ndani ya mrija kuna ngozi nyembamba ya seli. STIC ni pale ambapo seli za hiyo ngozi, mara nyingi hukohuko kwenye matamvua, zimeshabadilika zikawa na sura na tabia ya saratani lakini bado zimekaa juu, hazijachimba kwenda chini. Kwenye karatasi jina lake refu la Kiingereza, serous tubal intraepithelial carcinoma, lina neno la saratani ndani yake, na hilo neno ndo linatoa watu machozi. Wengine wanaita hatua ya sifuri. Mimi napenda kusema ni moto kwenye nyasi, haujashika paa.

Ila kuna jambo la kulijua mapema. Matamvua yako wazi tumboni, hayana mlango, na seli za STIC zina tabia ya kupukutika, zinaweza kudondokea kwenye ovari au kwenye utando wa tumbo zikakaa kimya. Zamani ile saratani kali ya ovari, inayoitwa serasi ya daraja la juu, watu waliamini inaanzia kwenye ovari yenyewe. Mwaka 2001 madaktari wa Uholanzi walichunguza mirija ya wanawake wanaotoka kwenye koo zenye saratani ya ovari ambao walikuwa wametolewa viungo kwa kujikinga, wakakuta mabadiliko kwenye mirija wakati ovari ziko safi, na kuanzia hapo hadithi ikageuka, saivi inakubalika kwamba nyingi ya hizo saratani zinaanzia kwenye mrija. Kuna utafiti wa 2017 uliosoma vinasaba vya wagonjwa ukakadiria kwamba kutoka STIC mpaka saratani ya ovari inapita kama miaka 7. Wagonjwa wenyewe walikuwa 9 tu, kwahiyo usiishike hiyo namba kama ahadi, lakini inakuonyesha kwamba siyo kitu cha kukimbizwa usiku na ambulensi. Una wiki kadhaa za kupanga mambo vizuri. Huna miaka ya kulalia.

Alafu siyo kila kitu kilichoandikwa kwenye mrija ni STIC. Kuna ile inaitwa alama ya p53, hapo seli zinaonekana kawaida kabisa kwa macho ila zimepata hitilafu kwenye jeni moja ya ulinzi, na hii inapatikana hata kwa wanawake wasio na historia yoyote, haitibiwi, haifuatiliwi kivyake. Kuna ya katikati, inaandikwa STIL, seli zimeanza kuharibika ila hazijafikia vigezo. Na kuna STIC yenyewe. Karatasi yako inasema ipi kati ya hizo tatu? Kama hujui bado hujaanza.

Hatua ya 1: pata karatasi yote na uisome mwenyewe

Siyo picha ya ukurasa mmoja, siyo "dokta kasema". Karatasi yote, yenye namba ya sampuli juu. Kaa nayo na kalamu utafute haya: ni mrija wa kulia, wa kushoto au yote miwili, wameandika kama kuna uvamizi, yaani seli zimechimba, au hakuna, ovari zililetwa maabara au hazikuletwa, maji ya kuosha tumbo yalichukuliwa au hayakuchukuliwa (mara nyingi hayakuchukuliwa, maana nani alijua?), na mrija uliangaliwa kiasi gani.

Hilo la mwisho watu hulipita na ndo lenye uzito kuliko yote. Mrija uliotolewa pamoja na kizazi cha faibroidi, kwa kawaida fundi wa maabara anakata kipande kimoja au viwili, anavitia kwenye nta, basi. Anaangalia sehemu ndogo mno ya matamvua. Kwahiyo STIC ikionekana kwenye kipande kimoja, swali linakuja lenyewe, je huko kwenye nyama ambayo haikukatwa kuna nini? Inaweza kuwa hakuna kitu, na inaweza kuwa kuna sehemu imeshachimba.

Hatua ya 2: zuia maabara isitupe nyama iliyobaki

Hii fanya wiki hiyohiyo. Baada ya majibu kutoka, nyama ambayo haikutumika inakaa kwenye formalini, ile dawa ya kuhifadhia nyama, wiki chache alafu inateketezwa, kila maabara na ratiba yake. Sisi tulipiga simu asubuhi ileile, dada akasema kwa upole wake, "kaka yangu samahani, sampuli namba fulani, naomba msiitupe, daktari anataka ikatwe yote." Daktari wala alikuwa hajajua kama anataka, lakini tulimwambia mchana wake na akaandika barua.

Unachoomba ni mirija yote miwili ikatwe yote na kutiwa kwenye nta kwa utaratibu wa SEE-FIM, ulioanzia Boston, mpatholojisti, yaani daktari anayesoma nyama kwa darubini, ataujua kwa herufi hizo. Ncha ya mrija, sentimita 2 za mwisho zenye matamvua, inakatwa kutoka kwenye mrija alafu inachanwa kwa urefu ili matamvua yajitokeze, na mrija uliobaki unakatwa vipande vya mviringo vya milimita 2 au 3 kama unavyokata bamia. Vyote vinaangaliwa. Ovari kama zilitolewa nazo zikatwe zote.

Hatua ya 3: slaidi zisomwe na jicho la pili

Hata mabingwa wakipewa slaidi ileile ya mrija hawakubaliani kila mara kama ni STIC au siyo, hili linajulikana kabisa na siyo dharau kwa mtu. Ndo maana kabla ya uamuzi wowote mkubwa slaidi zisomwe na mpatholojisti aliyezoea viungo vya uzazi vya wanawake, na zipakwe rangi mbili maalum, p53 na Ki-67.

Ki-67 inaonyesha seli ngapi ziko mbioni kuzaliana, kwenye STIC inakuwa juu, zaidi ya asilimia 10. Ile ya p53 ina mtego nitauelezea kidogo maana mimi mwenyewe ulinishangaza. Kwenye ngozi ya kawaida rangi inashika kwa mchanganyiko, seli hii imekolea, jirani yake imefifia, nyingine haina. Kwenye STIC unakuta moja kati ya mawili, ama seli zote zimekolea hudhurungi kama kahawa chungu, ama hamna rangi kabisa, peupe, wakati seli za pembeni zimeshika rangi kidogokidogo. Hicho cheupe pia ni ugonjwa! Mtu asiyezoea anaweza kuona peupe akaandika "hasi" na mgonjwa akasikia "huna". Kwahiyo ukiona neno hasi kwenye p53, uliza swali moja: hasi ya kawaida au hasi ya kukosekana kabisa?

Kama hospitali yako haina hizo rangi, bloku, yaani vile vipande vilivyotiwa kwenye nta, zinasafiri. Hospitali kubwa za rufaa na za kufundishia ndo pa kuulizia, Dar kuna Muhimbili na Ocean Road, Moshi KCMC, Mwanza Bugando, Nairobi Kenyatta, Kampala Mulago, na kule wasipofanya wenyewe wanajua pa kupeleka. Bloku ni nyama yako, una haki ya kuziomba, utasaini kitabu. Inakaa miaka bila friji, ila ni nta jamani, usiziache kwenye dashibodi ya gari juani. Ziweke kwenye kikopo kigumu na pamba, namba za bloku uziandike kwenye daftari lako kabla hujazikabidhi kwa mtu yeyote, hata kama ni shemeji anasafiri kesho. Na uliza gharama mapema, bima nyingi zinalipia kusoma nyama lakini rangi maalum zinakuwa mjadala, pata barua ya kibali kwanza.

Hatua ya 4: angalia kama kuna kitu tumboni

CT skani ya tumbo na nyonga, na damu ya CA-125, protini ambayo mara nyingi inapanda kwenye saratani ya ovari. Fanya, ila jua mipaka yake. CT haioni chembe ndogo zilizotawanyika kwenye utando wa tumbo, ikiwa safi ni habari njema lakini siyo cheti. CA-125 nayo ina fitina zake, inapanda kwa faibroidi, kwa endometriosisi, kwa maambukizi ya nyonga, hata ukiwa hedhini, na kwetu huku usisahau TB ya tumbo, hiyo inaipandisha mpaka watu wanaambiwa wana saratani ya ovari kumbe wanahitaji dawa za TB. Na inaweza kuwa ya kawaida wakati ugonjwa upo. Kipimo kimoja peke yake kisikufurahishe sana wala kisikuue kwa hofu. Na kama ndo kwanza umetoka kufanyiwa upasuaji, namba ya wiki zile haina maana sana, tumbo bado lina kidonda.

Hatua ya 5: je, upasuaji wa pili?

Hapa ndo unahitaji daktari bingwa wa saratani za wanawake, siyo daktari wa uzazi wa kawaida, hata awe mzuri vipi. Hapa pia ndo mabingwa wenyewe hawaimbi wimbo mmoja, kwahiyo ukisikia maoni mawili tofauti usidhani mmoja ni tapeli.

Wanachokubaliana wengi ni kwamba ovari na mirija kama bado imo, hata upande mmoja, mazungumzo ni kuitoa, hasa kama umeshazaa au una jeni ya ukoo. Na wakiwa wameingia wanaosha tumbo kwa maji ya chumvi na kuyapeleka maabara kutafuta seli, wanakagua utando wote kwa macho, wanachukua vipande vidogo vidogo, na wengi wanachukua omentamu au sehemu yake, lile shuka la mafuta linaloning'inia mbele ya utumbo, maana seli zinalipenda. Mara nyingi inafanyika kwa laparoskopi, matundu madogo, kesho yake au keshokutwa uko nyumbani. Tezi za limfu kwa kawaida haziguswi kama hakuna kinachoonekana. Kizazi siyo lazima kitolewe kwa ajili ya STIC tu.

Upande mwingine kuna wanaosema kama mirija na ovari vilishatolewa vyote, vimekatwa vyote kwenye nta, na CT ni safi, basi kufuatilia kwa karibu kunatosha. Maoni yangu mimi nesi tu: kama tumbo halikuoshwa wala halikukaguliwa ile mara ya kwanza, swali la kwenda kuangalia ni la haki na uliulize wazi, "dokta, wewe ungekuwa na mke wako hapa ungemwambia nini?" Bingwa wetu alicheka kidogo, akanyamaza, alafu akachora tumbo nyuma ya fomu ya bima.

Kama huna watoto na unataka, sema mapema kabla ya kisu. Bila mirija hushiki mimba kwa njia ya kawaida lakini kizazi kikibaki unaweza kubeba kwa njia ya IVF, yai linarutubishwa maabara alafu linawekwa kwenye kizazi, na mayai yanaweza kutolewa na kugandishwa kabla ovari hazijaondolewa pale panapowezekana. Hizo huduma huku kwetu zipo, ni za gharama, na wiki chache za kupanga hazitaharibu kitu.

Kemo je? STIC iliyo peke yake, tumbo safi, maji safi, kwa kawaida haipewi kemo, hakuna ushahidi wa kuaminika kwamba inasaidia na yenyewe siyo maji ya nazi. Kama wamekuta uvamizi au seli kwenye vipande vya tumbo, hiyo siyo STIC tena, ni saratani ya mrija na inapangiwa hatua yake na matibabu yake, kwa kawaida upasuaji na kemo ya karboplatini na paklitakseli kila wiki 3. Kama ni maji tu ndo yana seli na kingine chote safi, wengi wanashauri kemo pia, na hapo uombe kesi yako iende kwenye kikao cha madaktari wa fani zote, mpatholojisti akiwepo.

Hatua ya 6: kipimo cha jeni (jeni, siyo jini)

Kila mwenye STIC apimwe BRCA1 na BRCA2, jeni mbili ambazo zikiwa na hitilafu ya kurithi zinaleta saratani za ovari na matiti kwenye ukoo, haijalishi ana historia ya ukoo au hana. Ni damu au mate tu, majibu yanachukua wiki kadhaa. Nyumbani kwetu hii hatua ilileta kikao. Dada alipomwambia shangazi mmoja kuhusu jeni za ukoo, bibi wa watu akasikia jini, akasema "ndo nilichokuwa nawaambia siku zote," na ikabidi tuanze upya na daftari na kalamu. Lakini kikao hichohicho ndo kikatoa lile ambalo dada hakuliandika kwenye fomu yoyote: dada yake baba, alikufa na miaka 50 na kitu, tumbo limejaa maji, watu wakasema ini. Dada alikuwa anaulizwa hospitali "mama yako au dada zake wana saratani?" anajibu hapana, na ni kweli hapana. Hakuna aliyeuliza upande wa baba. Jeni hii inapita kwa wanaume kama kawaida, baba anaweza kuibeba bila dalili yoyote na kumpa bintiye, na kila mtoto ana nafasi 50 kwa 100 ya kuirithi. Majibu ya dada yalirudi BRCA1.

Kwa namba, mwenye BRCA1 nafasi yake ya kupata saratani ya ovari au mrija maishani ni kama 40 na kitu kwa 100, BRCA2 ni kati ya 10 na 20 hivi, wakati mwanamke wa kawaida ni chini ya 2. Na hizo jeni zinagusa matiti pia, kwahiyo mwenye nazo anaanzishiwa ufuatiliaji wa matiti mapema, MRI na mamogramu, hata kama kilichomleta hospitali ni mrija. Ndugu wa damu waliotimiza umri nao waambiwe wapime kama wanataka, wa kiume na wa kike. Wasilazimishwe. Mdogo wetu wa mwisho alisema hataki kujua, mpaka leo hajapima, na tumemwacha.

Kwa ndugu atakayekutwa na jeni, ushauri wa kawaida ni kutolewa mirija na ovari baada ya kumaliza kuzaa, miaka 35 mpaka 40 kwa BRCA1, 40 mpaka 45 kwa BRCA2. Na hapo nataka niseme la kwangu la thieta. Nyama ya namna hii ikitoka, mrija usishikwe kwa koleo kwenye ncha, matamvua yanachubuka na ngozi yake inabaki kwenye chuma. Kila upande na kopo lake, limeandikwa kulia au kushoto kwenye mwili wa kopo, siyo kwenye mfuniko, mifuniko inabadilishana. Formalini ya asilimia 10, ujazo mara kumi ya nyama. Nimeshaona mrija uliochukuliwa kwa kujikinga umelala usiku mzima kwenye kopo la maji ya chumvi sababu formalini iliisha na hakuna aliyekwenda kuazima wodi ya jirani, asubuhi ngozi ya ndani imeshaoza na maabara wakaandika haifai kusomwa. Yule mama alitoa viungo vyake na jibu hakupata. Kwahiyo ndugu wa mgonjwa, uliza kabla: "sista, formalini ipo?" Hatukasiriki. Sawa, wengine tunakasirika, uliza tu. Na kwenye fomu ya maabara daktari aandike BRCA na aombe SEE-FIM, bila hivo itakatwa kipande kimoja kama ya dada.

Na wewe usiye na jeni yoyote lakini unakwenda kufunga kizazi au kutolewa kizazi kwa ajili ya faibroidi, unaweza kuuliza kama mirija inaweza kutolewa yote badala ya kufungwa tu. Jimbo la British Columbia kule Kanada walianza kuwahimiza madaktari wao kufanya hivo mwaka 2010 na walipofuatilia wanawake wale wakaona hizi saratani ni chache kuliko zilizotarajiwa. Ovari zinabaki, hedhi haikatiki kwa sababu hiyo. Ila ukitoa hakuna kurudisha, fikiria vizuri.

Hatua ya 7: ovari zikitoka, jiandae na joto

Kwenye upasuaji wa pili dada alilala na ovari akaamka bila, na ndani ya siku chache akawa anavua khanga saa nane usiku na feni iko juu yake. Kukoma hedhi kwa kisu siyo kama kule kwa taratibu, kunakuja kwa kishindo: joto, usingizi kukatika, hasira, ukavu ukeni, na huko mbele mifupa na moyo. Usivumilie kimyakimya ukiambiwa ndo utu uzima. Kama hujawahi kuugua saratani ya titi, homoni za kurudishia zinajadiliwa na wengi wanazitumia mpaka umri ule ambao hedhi ingekoma yenyewe, miaka 50 hivi, hata wenye BRCA. Asiye na kizazi anahitaji estrojeni peke yake, mwenye kizazi anaongezewa projesteroni. Kama ulishaugua titi ni habari nyingine, kuna dawa zisizo za homoni. Mifupa uipime, utembee, upate vitamini D na kalisi.

Hatua ya 8: ufuatiliaji, na hapa watu wanapotelea

Hakuna ratiba moja iliyokubalika duniani. Mabingwa wengi wanakuona kila miezi 6 miaka ya mwanzo, kwa mkono na CA-125, picha pakiwa na sababu, alafu kila mwaka. Muda mrefu. Kwa nini mrefu? Mwaka 2022 zilichapishwa takwimu za wanawake 3,121 waliotolewa mirija na ovari kwa kujikinga. Kati ya wenye BRCA, waliokutwa na STIC walipata saratani ya utando wa tumbo asilimia 10.5 ndani ya miaka 5, na 27.5 ndani ya miaka 10. Wasiokuwa na STIC ilikuwa 0.3 na 0.9. Isome mara mbili. Maana yake kati ya wenye STIC 10, miaka 10 mbele 7 wako salama, na maana yake pia ukifika mwaka wa 5 hujamaliza, sehemu kubwa ya hatari iko baada ya hapo. Hizo ni namba za wenye BRCA, usiye nayo usizibebe hivohivo.

Na usidhani CA-125 ya kila miezi 6 ni ngao. Uingereza waliwafuatilia wanawake zaidi ya 200,000 kwa miaka, wengine wakapimwa kwa CA-125, wengine kwa altrasaundi na wengine hawakupimwa, majibu yalipotoka 2021 vifo havikupungua. Wale walikuwa wanawake wa kawaida siyo wenye STIC, lakini somo linaeleweka, kipimo kinasaidia na wewe mwenyewe unajisikiliza. Tumbo kujaa kila siku, kushiba baada ya matonge matatu, kiuno au nyonga kuuma, kukojoa kila saa, nguo za kiunoni kubana wakati mwili umepungua, vikikaa zaidi ya wiki 2 au 3 usisubiri tarehe ya kliniki. Na usikubali kuzungushwa na dawa za vidonda vya tumbo mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, alafu UTI, alafu minyoo. Sema mwanzoni kabisa: nilikuwa na STIC kwenye mrija.

Dada ana bahasha ya plastiki, ndani kuna karatasi zote, namba za bloku, majibu ya jeni, na ile fomu ya bima yenye mchoro wa tumbo nyuma. Tumbo lake lilikaguliwa, maji yalikuwa safi, sasa anaingia mwaka wa 3. Kliniki anayokwenda madaktari wanabadilika kila mara, karibu kila miezi 6 anakuta kijana mpya, anamsalimia, anakaa, anatoa ile karatasi ya kwanza kabisa na kabla kijana hajasema lolote anaigeuza mwenyewe kwenye ukurasa wa pili.